Mti Tulioubakiza Nyuma ya Kasapa

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Kamalondo, uyoga tuliuita bowa na hatukuununua. Tulikwenda na Tantine Bernadette, dada wa mama, hadi kwenye shamba lake nje ya mji, nyuma ya Kasapa, ambako kipande cha pori kilikuwa bado kimesimama. Tulirudi na matope hadi magotini, mikono ikinuka majani yaliyooza, na jioni bowa zikachemka na karanga za kutwanga, tukazila na bukari ya moto, ndiyo ugali wetu. Watoto wa leo ukiwapa bowa wanazipiga picha kwanza, kisha wanauliza kama hakuna kuku.

Tantine alikataza kukata hata tawi bichi pale.

“Miti ya hapa inasaidianaka,” alisema. “Inapashana habari chini, kwa mizizi.”

“Kwa mudomo gani, Tantine?”

“Ee, avoka, wakili wetu! Okota bowa. Maulizo haishibishe muntu.”

Majibu ya namna hiyo yalinichosha mapema. Chuo kikuu nilisoma kwamba nyuzi za uyoga kweli hushikamana na mizizi. Mti huupa uyoga sukari, nao uyoga huupa mti maji. Kama miti hupashana habari, hilo wataalamu bado wanabishania. Na mimi nimo katika ubishi huo.

Mwaka juzi mtoto wa Tantine, yaya Dédé, yaani kaka yetu mkubwa, alitaka kukata pori lote achome makala, mkaa wa kuuza. Tantine hakuwa na raha nyingine duniani ila kuokota bowa pale na wanawake wenzake. Tukakaa kikao cha familia, nami nikaitwa kwa sababu nimesoma.

“Sema, université,” Dédé aliniambia. “Miti inasemaka?”

“Hatujui. Lakini bowa inategemea mizizi. Ukikata yote, bowa itaisha.”

“Basi tutaacha moja, ule mukubwa. Ule njo utamupa mama bowa.”

Nikasema mmoja hautoshi. Lakini jua lilikuwa kali, kikao kirefu, na mti mmoja ulionekana suluhu ya haki. Tukafunga kwa sala. Hata Tantine, kwa kuchoka tu, akasema amina. Dédé akaikata mingine yote.

Mti ule ulikuwa mrefu na mwembamba, kama miti yote inayokua ikisongamana. Mvua ya kwanza ilipokuja, upepo uliulaza chini, mizizi juu. Nilimweleza Tantine habari ya udongo uliolowa na upepo uliokosa kizuizi. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Njo vile,” alikubali. “Ile miti ingine njo ilikuwa inaushika.”

Dédé alikuwa tayari amefuata shoka.

Utotoni, wingu jeusi likitanda upande wa Kasapa tuligombania vikapu vya bowa, na Tantine ndiye aliyetangulia mlangoni. Siku hizi likitanda, Tantine huanua nguo, hufunga dirisha, na kulala.