Malkia Niliyemkaanga

Nianze na ujinga wangu: nilimkaanga malkia kwa mafuta ya mawese, nikamla. Alikuwa na ladha ya karanga changa.

Alikuwa malkia wa mchwa. Kichuguu chake kiko nyuma ya jiko letu, huku Wamaza, na kilikuwa somo langu. Mama ndiye mwalimu wetu, mimi na dada yangu mdogo. Shule yetu ni baraza la nyumba. Asubuhi anatusomea habari za wafalme wa zamani, mara moja tu, anafunga kitabu, nasi tunamsimulia. Halafu ramani ya mto Lualaba aliyoichora ukutani kwa makaa, wimbo, methali za Kibangubangu. Mchana kila mtoto anaenda kukaa mbele ya kiumbe chake na kutazama tu. Dada alipewa kuku anayeatamia. Mimi nisiyetulia nikapewa kichuguu.

Papa, baba yetu, anachimba dhahabu kule Salamabila. Kwake hayo yote yalikuwa mchezo. Alisema atakuja na mvua ya kwanza, kumbikumbi wakiruka, anisikilize. Nikishindwa kusimulia nilichotazama, ananipakia kwenye pikipiki mpaka Kasongo, shule ya bweni. Mama alisema sawa, lakini mkono wake uliendelea kupangusa jalada la kitabu lisilo na vumbi.

Kiangazi hicho tukasoma habari za malkia mmoja asiyetoka nje kamwe. Nikataka kumwona wangu. Kwetu kichuguu hakivunjwi kabla ya kumbikumbi, hata mlevi anajua. Nikachukua jembe. Nilimkuta amelala chumbani mwake, mweupe, mnene kama kidole gumba cha Mama, bila taji. Njaa ikanishauri.

Baada ya hapo nilikaa pale kila mchana, mwanzoni kwa woga tu. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulielea juu ya paa, jua likiwa jekundu na laini, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Nikaweka sikio kwenye udongo. Ndani kulikuwa na sauti ya mvua ya mbali. Walikuwa wakiziba tundu langu, chembe kwa chembe, kwa mate yao, wakimjengea bibi yao niliyekuwa naye tumboni. Nikaanza kutembea kwa ncha za vidole nikipita hapo. Kisha mvua ile ya ndani ikapungua, ikapungua, na siafu wakaingia.

Mvua ya kweli ikaja, na Papa nyuma yake. Vichuguu vya majirani vikatoa kumbikumbi kama moshi wenye mabawa. Chetu kimya. Mama akanitazama. Ningeweza kudanganya, mdomo wangu hauna breki. Lakini sikuwa na uongo mzuri kuliko niliyoyaona. Nikasimulia yote, hadi chumvi niliyotia.

Papa aliuliza nani alinifundisha kusikiliza udongo. Nikamjibu kwamba hakuna. Ukikaa sana, sikio linaenda lenyewe. Akamgeukia Mama, akamwambia:

“Huyu mutoto abakie hapa. Kule Kasongo atamukula hata mukubwa wa shule.”

Mama hakucheka. Alinisogezea bugali na sombe, yale majani ya muhogo, akasema:

“Kesho utaanza kichuguu ingine. Lakini mbele ya kuenda, kula kwanza, ushibe.”