Mfungaji wa Kiwanda cha Kamba

Jumamosi hii, katika duka la vifaa vya ujenzi huku Oakdale, ughaibuni ninakoishi, niliinua kamba ya katani nikainusa. Mwanangu aliniuliza kwa Kiingereza kama tunainunua. Harufu ile ilikuwa imenirudisha utotoni.

Mtaa wetu ulikua kuzunguka kiwanda cha kamba. Mashine zake zilitoka Uskochi, na mama aliendesha moja iliyonguruma kutwa nzima. Nyumbani alikuwa mtu wa sauti ndogo.

Jioni moja alinipeleka uwanjani nyuma ya kiwanda, ambako timu ya netiboli ya wanawake wa kwetu, ambayo yeye alikuwa mfungaji wake, ilicheza na ya kiwanda cha saruji. Alikuwa bado na nyuzi za katani kwenye nywele. Mwishoni, magoli yakiwa sawa, alisukumwa akaanguka, goti likachanika.

"Toka, dada, umeumia," kocha alimwambia.

"Nipeni mpira!" mama alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Alisimama, damu ikimchuruzika hadi kwenye soksi, akalitazama goli kwa muda, kisha akaurusha. Mpira ulizunguka juu ya pete, ukasita, ukatumbukia. Wanaume wenye mikono myeusi kwa mafuta ya mashine walirusha kofia zao juu, wakaliimba jina lake. Mimi nikamgeukia mwanamke nisiyemjua aliyesimama kando yangu, nikamwambia, ingawa hakuwa ameniuliza kitu, "Yule ni mama yangu."