Mbarouk Aizunguka Mayo

Mbarouk wa Saltley, mtu wa Unguja mwenzangu huku ughaibuni, alikuwa hajawahi kukanyaga Ireland, lakini aliitaka sana kazi ya kuwapeleka wazee huko. Kwa miaka alikuwa anachambua taka Tyseley, na mkewe, Raisa, alikuwa amemtengea msumari wake wa kutundikia koti, nje ya nyumba. Basi klabu ya wazee wa Kiayalandi ilipotangaza kwamba inatafuta dereva wa basi dogo, mtu wa kuwachukua asubuhi na kila kiangazi kuwavusha kwa feri hadi kaunti yao ya Mayo, Mbarouk aliomba siku hiyo hiyo. Sharti lilikuwa moja: dereva aijue Mayo.

"Si kuna simu zinazoonyesha njia?" nilimwambia.

"Wale hawataki simu. Wanataka mtu."

Nilimwelewa. Watu wa Mayo na watu wa Unguja wana ugonjwa mmoja. Ukiwaambia unatoka Makunduchi hawatosheki, mpaka wajue upande gani, nyumba ipi, na bibi yako alikuwa nani.

Akatandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akajifunza kwa njia pekee aliyoijua, ile aliyofunzwa utotoni kwenye chuo cha Kurani: unakaa kitako, unayumba mbele na nyuma, unaimba. Akaanzia kusini: Shrule, Cong, Ballinrobe. Akapanda Claremorris, Knock, Kiltimagh, Swinford, Foxford, Ballina. Akashika pwani ya kaskazini, Killala na Ballycastle, hadi Belmullet, pale ambapo nchi inabakiza kashingo tu iwe kisiwa. Kisha akateremka: Bangor Erris, Mulranny, Newport, Westport, Louisburgh.

"Haya, baba Asmahan," Raisa akamjaribu, "Ballina iko wapi?"

"Shrule, Cong, Ballin..."

"Nimekuuliza Ballina!"

"Niache nifike."

"Yaani kila ukiulizwa utaanza mwanzo? Wale watu watazeeka!"

"Wameshazeeka."

Siku ya usaili nilimsindikiza. Wazee walikuwa wameizunguka meza, kila mmoja na chai yake. Mwenyekiti alikuwa Bwana Geraghty, mzaliwa wa Castlebar. Aliyeuliza kwanza ni Bi Attracta, kibibi wa Belmullet mwenye macho makali.

"Mwanangu, Belmullet utanifikishaje?"

Mbarouk akafumba macho, akaanza kuyumba. "Shrule," akaimba. "Cong."

Kwa Wakatoliki kama wazee hawa, padri akiimba majina ya watakatifu, waumini humwitikia kila jina. Mazoea yana nguvu. Mbarouk alipofika Ballinrobe, sauti moja nyembamba ikajibu kutoka pembeni: "Utuombee." Claremorris wakaitikia watatu. Kiltimagh ikaitikia meza nzima.

Mbarouk akafumbua jicho moja, akaniangalia kama mtu aliyejikuta anaswalisha msikiti usio wake.

"Nimefanya nini?" akaninong'oneza kwa Kiswahili.

"Hujafanya kitu, endelea."

"Basi ushanikatisha!" Akarudi Shrule.

Wakamwitikia upya, mara hii kwa raha zao. Ilipofika Belmullet, Bi Attracta aliitikia peke yake, kisha akavua miwani akaipangusa.

"Na Castlebar?" Bwana Geraghty akagonga meza. "Makao makuu ya kaunti! Hujaitaja!"

Kweli. Castlebar iko katikati, na Mbarouk alikuwa amepita kandokando tu kama mwenye kuzungushia ua. Akaanza kuyumba tena, anatafuta pa kuichomeka. Nikaona kazi inaondoka hivi hivi.

"Mwache," akasema Bi Attracta. "Dereva aliyepita alijua njia moja tu, feri mpaka Castlebar, mlangoni kwa dada yako, Geraghty. Anatushusha, anazima gari, wiki nzima tunakula keki za dada yako. Belmullet mimi naiona kwenye picha ya kalenda tu. Huyu hapa hawezi kukata njia hata akitaka. Nani anamtaka?"

Mikono yote ikainuka, isipokuwa mmoja.

"Na mimi je?" akauliza mwenyekiti.

"Wewe tutakushusha Westport. Kuna basi."

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Mbarouk hakusikia. Kazi alikuwa keshaipata, lakini swali la Castlebar lilikuwa limemkatisha, na yeye akikatishwa hana kuendelea. Alikuwa amerudi mwanzo, ameshapita Knock, jasho linamtoka, anakazana.