Mke wa Mama Tapsubei

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya pensheni, Bomet, niliulizwa jina nikaviambia viatu vyangu. Afisa wa Pensheni, mama kutoka upande wa ziwa, aliinama akachungulia chini ya meza. "Kijana, huku chini hakuna mtu. Mimi niko juu." Ofisi nzima ikacheka, nami nikaanza utarishi, nikiwa na elimu yangu ya msingi na mwandiko wa polepole.

Kazi ilikuwa hivi. Mfanyakazi wa umma akifariki, mjane na watoto hupata mafao ya warithi kila mwezi. Asipowaacha hao, michango yake iliyobaki hurudishwa kwa ndugu. Ndiyo maana kila mtu hujaza fomu ya wateule: jina la mrithi, na uhusiano wao.

Mwaka wangu wa tatu, faili ya Mama Tapsubei, marehemu mpishi wa hospitali, ilirudi kutoka makao makuu. Alikuwa amemtaja mwanamke aitwaye Chebet, na kwenye uhusiano akaandika: mke. Wakubwa walisema mwanamke hana mke. Turekebishe kosa, michango apewe kaka wa marehemu. Chebet na binti zake wawili wangetoka mikono mitupu.

Afisa alishashika kalamu nyekundu. Nikasikia sauti, kumbe ni yangu.

"Madam, si kosa. Alimuoa."

Nikaeleza huku jasho linanitoka: kwetu Wakipsigis, mama mjane asiye na mtoto anaweza kutoa mahari akaoa msichana, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Ng'ombe wa mahari ya Chebet walipita mbele ya boma letu kule kijijini Chebunyo.

"Miaka mitatu nakutuma chai," akasema, "kumbe una maneno. Haya, waandikie makao makuu."

Niliandika nusu ukurasa tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Alipita akaniuliza kama harusi bado inaendelea, lakini hakuninyang'anya kalamu. Tukapata barua ya chifu na wazee wawili walioshuhudia mahari. Makao makuu wakakubali.

Chebet alituletea mursik kwenye kibuyu. Afisa alionja maziwa yale ya mgando yaliyotiwa mkaa, akakunja uso, kisha akaomba aongezewe.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mnaojaza fomu kwa kompyuta, kabla ya kusahihisha, ulizeni mtu wa pale, hata akiwa tarishi.

Juzi binti mkubwa wa nyumba ile, ambaye sasa ni muuguzi, alinitembelea na fomu yake ya kazi. Hakutaka msaada, alitaka nione tu. Palipoulizwa jina la baba, alikuwa ameandika: Tapsubei.