Mshipi Hukazwa Mara Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchanga wa uwanja bado una umande, na farasi jike wa kijivu amejaza tumbo pumzi kwa makusudi. Mwanamke mwenye viatu vya mpira anavuta mshipi wa tandiko, anaufunga, kisha anasimama tu, kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Huyu mjanja," anasema kwa sauti ndogo. "Ukimkaza anajivimbisha. Ukigeuka anapumua, na tandiko linabaki linacheza. Kwa hiyo unamtembeza hatua ishirini, halafu unakaza tena."

Anamtembeza. Anakaza tena. Anapitisha vidole viwili chini ya mshipi, kisha anakaza mara ya tatu.

"Dada Kaza!" anapiga kelele mtunza farasi mwenzake kutoka mlangoni mwa banda. "Utamkata vipande viwili huyo mnyama wa watu!"

Mwanamke hacheki.

Dada Kaza, jina alilopewa hapohapo kazini, ana miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka tisa amezoa kinyesi, amekwangua kwato na kulisha farasi kumi na wanne. Sasa anasomea ukocha wa kupanda farasi. Amefeli mtihani mara mbili. Alhamisi ijayo anaingia mara ya tatu, na chuo hakiruhusu ya nne.

Kupanda anapanda vizuri. Kinachomwangusha ni sehemu moja: mtahiniwa anasimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, na kumwelekeza mwanafunzi kwa mdomo tu, kuanzia kutandika mpaka kushuka. Akifika kwenye mshipi, anakwama.

"Mara ya kwanza nilinyamaza dakika nzima," anasema. "Mara ya pili nilimkimbilia mwanafunzi, nikakaza mwenyewe. Mtahini akafunga daftari lake."

Aliyepaswa kuwa kocha ni mdogo wake wa kiume. Ndiye aliyejiandikisha kwanza, na vitabu ni vyake. Miaka minne iliyopita, asubuhi kama hii, dada alimtandikia farasi huyuhuyu wa kijivu. Walikuwa wamechelewa. Kwenye kona ya pili tandiko lilizunguka mpaka chini ya tumbo, na kijana akajigonga shingo kwenye ubao wa uzio.

Tangu siku hiyo hajasimama. Mikono inasogea kidogo. Kuanzia kifuani kushuka chini hasikii kitu.

Wenye farasi walisema mshipi ulikuwa umechakaa. Ukatupwa, na mambo yakaishia hapo.

"Haukuchakaa," anasema Dada Kaza, akimfuta farasi shingo mahali ambapo tayari ni pakavu. "Nilikaza mara moja tu. Sikurudia."

Alituomba tusiandike maneno hayo gazetini mpaka amwambie mdogo wake kwanza. Alimwambia Jumapili jioni.

Kitanda cha mdogo wake kimeinuliwa kwa matofali, ili dada asivunjike mgongo anapomgeuza. Kitabu cha ukocha huegemezwa kwenye chupa ya chai. Dada aliacha shule darasa la tano na husoma kwa kusuasua, kwa hiyo mgonjwa ndiye msomaji, naye dada hugeuza kurasa.

"Geuza, mheshimiwa kocha," mdogo wake alimtania. "Au umeshalala?"

Hakugeuza. Alimwambia yote akiwa amesimama, kiganja juu ya ukurasa.



"Dada, aliyekuwa juu ni mimi," alisema mdogo wake. "Nililisikia tandiko linacheza kabla hatujaingia uwanjani. Na aliyekuwa anasomea ukocha ni mimi, si wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungepata wa kugawana naye lawama. Mwaka ule wa kwanza nilitaka uubebe mzigo peke yako. Baadaye nikaona haya. Sikujua nianzie wapi."

Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Dada alimlaza ubavu wa kushoto, kama afanyavyo kila baada ya saa mbili awapo nyumbani, akamwekea mto katikati ya magoti.

"Haya, nielekeze," mdogo wake alisema, uso ukiwa ukutani. "Mwanafunzi ni mimi. Mikono nyuma."

Akaweka mikono nyuma.

"Vuta mshipi, funga. Subiri apumue. Mtembeze hatua ishirini..."

"Halafu?"

"Halafu kaza tena."

"Sijakusikia. Mtahini yuko mbali."

Alirudia mara sita, na mara ya sita jirani aligonga ukuta.

Akifaulu, Dada Kaza atapewa darasa la wanaoanza, Jumamosi asubuhi. Ameomba kipande cha sakafu ya saruji kando ya uzio, ili magurudumu ya kiti cha mdogo wake yasizame mchangani. Hajajibiwa. Na mdogo wake amemwambia wazi kwamba hataki kumwona farasi yule tena.

"Nimemwambia nitamgeuzia kiti, atupe mgongo," anasema, akimrudisha farasi bandani. "Si lazima aangalie. Nataka anisikie tu nikisema kaza, mara ya pili."