Peasi Zinazooza Kuanzia Moyoni

Mwaka wa tisini na nne, ukipanda kilima kutoka Kehancha, ungemkuta Nyangi chini ya mti wake wa peasi, anautazama kama mtu anayemwangalia ng'ombe mgonjwa. Mti huo aliachiwa na Mjerumani mmoja mchimba visima. Alimwambia kwao ni mti wa mababu, na matunda yake huiva ya kwanza joto linapoingia, kabla ya peasi nyingine zote. Ni madogo, yana shingo, manjano yenye shavu jekundu upande wa jua. Kwa uzuri, we acha tu! Lakini ukilipasua moja, ndani jeusi kama ugoro.

Mumewe, Werema, alikuwa amechoka nao.

"Mama Risper, huu mti unatudanganya kila mwaka. Zikioza tena safari hii, naukata. Bani ya kukaushia tumbaku itasimama hapa."

Vigingi vya bani alishapigilia.

Nyangi akaanza kuyachunguza matunda. Mara kwa mara alichuma tunda moja akalipasua, akatazama. Akaona uozo hautoki nje, unaanzia penye mbegu. Kumbe hili linaiva kutoka ndani, akawaza. Ngozi ikishakuwa manjano, moyo umeshapitiliza. Sisi tunalingoja kama pera! Akashika kikapu, akazichuma zote zingali kijani, ngumu.

Jirani yake Bosibori akasimama kwenye ua, mikono kiunoni.

"Woi, Nyangi! Unaogopa shoka mpaka unachuma mawe? Utampikia Werema kokoto?"

"Nitakuletea zako, dada, kama meno bado unayo."

Akazifukia kwenye nafaka ya wimbi, jinsi anavyofukia ndizi. Haukupita muda, nyumba ikaanza kunukia kama mdalasini. Akatoa moja, akaibonyeza karibu na kikonyo, ikabonyea kidogo. Akampa mumewe.

Werema akauma. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akanyoosha mkono apewe nyingine.

"Kula tu, Baba Risper," Nyangi akasema. "Hizi hazingoji mtu. Zikikaa kidogo zinalegea."

Akala, kisha akatoka nje, akaanza kung'oa vigingi. Bosibori alikuwa amekuja kudai zake.

"Shemeji, na bani je?"

"Itakaa kule kwa mbuzi."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi watahamia kwako."