Kazi ya Kudumu Bungoma, Mahindi Yangu Kitale

Admin, tafadhali ficha jina langu.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni: kigelegele cha mama kwenye simu, kirefu, hadi nikasikia majirani wakimuuliza kuna nini. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba nimepata kazi ya kudumu Bungoma, katika ofisi ya kupanga faili. Sikuwa nimesema nitaikubali.

Nina miaka ishirini na saba, binti wa mkulima wa Tongaren, na nimesomea mbegu hadi shahada ya pili. Kwa miaka mitatu nimekuwa kwa kandarasi katika shamba moja la utafiti Kitale. Baba alipopoteza mahindi yake yote kwa ugonjwa unaoyakausha yakiwa bado machanga, nilianza kuchanganya aina zinazoweza kuustahimili. Msimu huu ndio wa kuamua. Mahindi yakikaribia kutoa ndevu, unayafunika kwa mifuko ya karatasi ili upepo usilete chavua ya aina nyingine, kisha unayapaka chavua kwa mkono. Siku hizo zikipita, msimu umekwenda.

Lakini pale kwetu kandarasi ikiisha unarudishwa nyumbani mwezi mzima, halafu unaitwa tena kama mgeni. Safari hii mwezi huo uliangukia kwenye siku za ndevu.

Nilimwendea mkubwa wangu. "Bosi, niache nimalize. Nitaenda nyumbani baadaye."

Hakuinua macho. "Nikikuacha bila pengo, kesho utadai wewe ni wa kudumu. Unataka nifutwe?"

"Nitaandika kwamba sitadai."

"Madam, mifuko hata kibarua anaweza kufunga. Enda upumzike, bana."

Anaweza, kweli. Lakini mwaka jana nikiwa nyumbani walichanganya aina mbili kwa makosa, na kazi ya msimu mzima ikatupwa.

Nilipofika Tongaren, Senge, dada yake baba, alinikalisha chini. "Kandarasi ni njoo-tukae, mukhana, binti yangu. Unapika, unafua, siku moja unaamka unapata mwanamume amehama."

"Na Bungoma nitakuwa nafanya nini, Senge?"

"Utakuwa umeolewa! Ati mtu anauliza mke anafanya nini?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa hasira, kwa sababu aliyekataa kunioa, lile shamba la Kitale, ndiye niliyempenda.

Najua wengi wenu mnatafuta hata hiyo kandarasi, na mtasema nina maringo. Nilikusudia kuwauliza nifanye nini, nikaandika na kufuta, nikaandika tena. Nimechelewa. Jumatatu niliripoti Bungoma, nikatia sahihi, nikapewa meza karibu na dirisha.

Leo mwenzangu aliyebaki Kitale amenitumia picha. Mahindi yangu yametoa ndevu na hakuna hata mfuko mmoja. Nimeifuta ile picha, nikafungua faili iliyofuata.